Fundi Bati na Vikombe vya Watoto

Asubuhi nyumbani kwa Fundi Bati huanza kwa kelele, na hilo kila jirani analijua. Kwanza hulia mfuniko wa sufuria. Halafu hulia Bonge, kwa sababu ameusikia mfuniko. Halafu Chiriku huanza maswali yake, na akishaanza hakuna wa kumfunga mdomo.

Chiriku ni mtoto wa kwanza. Anasoma chekechea, na jina lake la utani amelipata kwa haki. Bonge ni mdogo wake wa kiume. Kutembea ameanza juzijuzi tu, lakini kula alianza zamani. Anakula uji, anakula wali, na asipoangaliwa anakula hata sabuni.

Baba yao ni fundi wa mabati. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, chini ya paa aliloezeka mwenyewe. Anatengeneza faneli, makopo ya kumwagilia bustani, mifereji ya kukinga maji ya mvua na masanduku ya nguo. Ana mikono mizuri, Fundi Bati. Hasubiri watu wamwambie. Hujiambia mwenyewe kila siku.

Asubuhi moja mama Chiriku alikuwa akigawa uji. Uji ulitoka jikoni ukichemka. Akaumimina kwenye kikombe cha plastiki cha kijani, hicho cha Chiriku. Mwingine akaumimina kwenye bakuli la plastiki la njano, hilo la Bonge. Vyombo hivyo vilikuwa vimekaa sana pale nyumbani. Bakuli lilikuwa limejaa mikwaruzo ya kijiko na madoa ya mchuzi yaliyokataa kutoka. Ukingo wake ulikuwa umetafunwa na Bonge pande zote.

"Baba," Chiriku akasema, "kwa nini kikombe changu kinanuka?"

"Kinanuka nini?"

"Kinanuka kikombe."

Fundi Bati akacheka. Akakichukua kikombe ili amalize ubishi, akakinusa. Akaacha kucheka. Kweli, kilikuwa na harufu ya plastiki iliyopata moto. Alikuwa hajawahi kuigundua, kwa sababu yeye hunywea chai yake kwenye kikombe cha kauri.

Mara mama Chiriku akapiga kelele. "Baba Chiriku! Bakuli limekatika! Kipande kiko wapi?"

Ukingo wa bakuli la njano ulikuwa na pengo jipya. Wakaangalia mezani. Wakaangalia sakafuni. Wakainua mkeka. Kipande hakikuonekana. Bonge alikuwa ameketi kimya, na Bonge kukaa kimya si habari njema. Baba yake akamshika taya, akatia kidole mdomoni. Aling'atwa vizuri sana, lakini kipande akakitoa. Kilikuwa na ukubwa wa kucha, na upande mmoja ulikuwa na ncha kali.

"Angekabwa huyu," mama Chiriku akasema.

Fundi Bati alikigeuza kile kipande kiganjani. Alikuwa ameogopa, na mtu wa kujisifu akiogopa hukosa maneno.

Jioni yake alifika shemeji. Huyu ni dada mkubwa wa mama Chiriku, na watoto humwita mama mkubwa. Ni muuguzi katika kliniki ya watoto. Kila akija, yeye na Fundi Bati hutaniana kwanza, ndipo salamu zifuate.

"Shemeji, bado hujanunua viti vipya? Hiki kinanibana."

"Kiti ni kilekile, shemeji. Wewe ndiye umeongezeka."

Wakacheka. Lakini mama Chiriku alipomletea dada yake lile bakuli la njano, mgeni aliacha utani. Akalishika karibu na dirisha. Akapitisha kucha juu ya mikwaruzo.

"Hili mnatilia nini?"

"Uji," mama Chiriku akasema. "Mchuzi. Chochote."

"Ukiwa wa moto?"

"Uji gani wa baridi, dada?"

Muuguzi akalirudisha bakuli mezani. "Sikilizeni. Mmeona hatari moja, ya kipande kukatika. Ipo na nyingine ambayo macho hayaioni. Plastiki imetengenezwa kwa kemikali nyingi. Ukiipa chakula cha moto, baadhi ya kemikali hizo huhamia kwenye chakula. Mafuta nayo huzivuta, na vitu vichachu vivyo hivyo. Chombo kikizeeka na kukwaruzika, ndiyo zaidi. Mtu mzima anakula hizo kidogo katika mwili mkubwa. Mtoto anazila katika mwili ambao bado unajengwa."

"Kwa hiyo tumewalisha sumu?" mama Chiriku akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Usilie, mdogo wangu. Hakuna mtoto atakayeanguka leo kwa sababu ya bakuli moja. Lakini tukijua, tunabadilisha. Plastiki iwekee pini za nguo, au vitu vikavu vya baridi. Chakula cha moto cha watoto kiwekwe kwenye kitu kingine. Kioo kinene kinafaa. Kauri nyeupe isiyo na ufa inafaa. Chuma kinafaa sana, kwa sababu hakivunjiki wakikitupa. Ila sasa, si kila chuma. Kuna..."

Fundi Bati alikuwa ameshasimama. Neno "chuma" lilikuwa limemwingia masikioni na kuziba njia ya maneno mengine yote.

"Chuma!" akasema. "Shemeji, na mimi nimekaa hapa nimeshika tama! Mimi nani?"

"Subiri shemeji, sijamaliza."

"Nimeshaelewa!"

Akatoka. Muuguzi akamgeukia mdogo wake. Mama Chiriku akainua mabega.

"Mwache," akasema. "Akishashika wazo, hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Kesho atakuonyesha alichotengeneza."

"Basi mwambie nikirudi nataka kukiona," akasema muuguzi. Kisha Bonge akamwaga maji, mazungumzo yakavunjika, na muda wa kuondoka ukafika.

Kesho yake Fundi Bati aliweka kando kazi za wateja wote. Alichukua bati jipya, lile linalong'aa hata mtu akajiona uso. Alilipima, akalikata kwa mkasi, akalikunja kwa nyundo ya mbao. Ukingo aliukunja kwa nje ili usiwakate watoto midomo. Alitengeneza kitako cha duara. Kisha akachochea moto, akaipasha pasi ya kulehemu, akaunganisha mwili wa kikombe na kitako chake. Lehemu iliyeyuka, ikatiririka kwenye mshono, ikaganda kwa mstari mweupe uliolala sawasawa. Akajaza maji. Hakuna tone lililovuja.

Mkewe alipomletea chakula, alikwenda kwanza bombani. Alinawa kwa sabuni, vidole, viganja, mpaka viwikoni. Akanawa tena. Hajawahi kula karakanani bila kunawa hivyo, kwa sababu mzee aliyemfundisha kazi alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Alikuwa akimpokonya mtu tonge mkononi.

"Tazama," akamwambia mkewe huku akikausha mikono. "Kikombe hiki hakina plastiki hata punje."

Kikombe kilikuwa kizuri, lazima isemwe. Mama Chiriku alikigeuza, akakigonga kwa kidole, akatabasamu. Ilimpendeza kwamba mume wake aliogopa kwa ajili ya mtoto, na akaigeuza hofu yake kuwa kazi. Usiku ule alilala akiwa na amani.

Vikombe viwili na mabakuli mawili vikaingia mezani. Vya plastiki vikaondolewa. Bonge alijaribu kutafuna bakuli jipya, akashindwa. Chiriku alikwenda na kikombe chake chekechea. Siku hiyo hiyo Mwalimu wa chekechea alikuja nyumbani akiwa amekishika.

"Fundi, hiki umekitengeneza wewe?"

"Kuna fundi mwingine hapa?"

"Nakitaka kwa kila mtoto. Tunanyweshea uji kwenye vikombe vya plastiki, na vyote vimechakaa. Mimi mwenyewe vinanitia wasiwasi."

Hapo Fundi Bati aliota pembe. Alifanya kazi asubuhi na alasiri. Vikombe vilipangwa karakanani kwa mistari, vikimeremeta. Wazazi waliopita walisimama kutazama. Wengine walimwomba awatengenezee vya nyumbani. Akawaambia wasubiri, watoto wa chekechea kwanza. Baadhi hawakupenda kusubiri. Walikichukua kikombe kimoja cha mfano, wakaenda kukionyesha kwa mafundi wengine.

Mwisho wa wiki aliubeba mzigo mwenyewe mpaka chekechea. Mwalimu alivipanga kabatini. Wakakubaliana kwamba watoto watavitumia Jumatatu, kwenye uji wa asubuhi.

Jumapili mchana shemeji akarudi. Fundi Bati alikuwa amemsubiri kwa hamu.

"Karibu shemeji! Kaa kwenye kiti chako kinachokubana. Leo nataka unisifu."

Bonge alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, anakunywa maji ya machungwa. Yalikuwa yanamchuruzika kidevuni. Mama mkubwa wake alimbusu kichwani, akamwomba kikombe kwa upole. Akayamwaga maji ya machungwa. Akakisuuza, akatia kidole ndani, akakipitisha kwenye mshono wa chini.

Ule mstari ulikuwa umepoteza weupe wake. Pale maji ya machungwa yalipokuwa yanakaa, palikuwa pamefubaa na kuwa kijivu.

"Shemeji," akauliza taratibu, "hiki kinachounganisha hapa ni nini?"

"Lehemu," akajibu Fundi Bati. "Lehemu safi kabisa. Angalia nilivyoilaza."

"Naiona. Imetengenezwa na nini?"

Fundi Bati akajipiga kifua. Swali la kazi yake hilo, angelijibu hata usingizini. "Ni bati laini, limechanganywa na risa..."

Akanyamaza katikati ya neno.

Bonge alikuwa akidai kikombe chake.

"Risasi," muuguzi akamalizia. "Yale madini yenye sumu. Kabla ya kula, shemeji, wewe hunawa mpaka viwikoni. Nimekuona mara nyingi. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya risasi," Fundi Bati akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mzee alisema isiingie tumboni."

Alikuwa anajua. Hilo ndilo lililomuuma. Hakuna aliyemficha kitu. Alikuwa ameilinda mikono yake mwenyewe miaka yote, kisha akachukua kitu kilekile akakiweka kwenye midomo ya watoto wake, kwa mapenzi, tena kwa kukipiga msasa. Akakaa kwenye kile kiti cha kubana.

"Risasi inamfanya nini mtoto?" mama Chiriku akauliza. Alikuwa amembeba Bonge, amemkumbatia kwa nguvu.

Dada yake hakuzunguka. "Inadhuru ubongo. Mtoto anaweza kuchelewa kujifunza, akawa na hasira za ovyo, akapungukiwa damu. Nayo haina harufu. Haina ladha ya kumfanya aiteme. Mtoto anaweza kuwa nayo mwilini na bado akacheza na kucheka. Vitu vichachu, kama machungwa na ndimu, huivuta ikatoka kwa haraka. Lakini wamevitumia kwa muda mfupi tu. Hilo ni jema. Kesho mje kliniki tuwapime damu. Msikae mkikisia."

"Siku ile ulitaka kuniambia," Fundi Bati akasema.

"Nilitaka. Ulikimbia."

"Nilikimbia," akakubali. Kisha macho yakamtoka pima. "Shemeji! Chekechea!"

Mama Chiriku alikuwa ameshakumbuka. Kabati zima. Uji wa kesho.

Fundi Bati alisimama, akakaa, akasimama tena. Kwanza shetani wa aibu akamnong'oneza. Angeweza kwenda alfajiri akamwambia Mwalimu kwamba vikombe vinahitaji marekebisho. Akavichukua, akavipoteza. Jina lake lingebaki safi. Alipolisema wazo hilo kwa sauti, mkewe hakumgombeza. Alimuuliza swali moja tu.

"Na wale waliobeba mfano kwenda kwa mafundi wengine? Nao utawaambia ni marekebisho?"

Fundi Bati akainama. Watoto wa wale nao wangekunywa risasi kwenye vikombe vya mfano wake, na yeye amekaa kimya analinda jina. Akapiga moyo konde.

"Nitasema mlangoni pa chekechea," akasema. "Wazazi wote wakiwa wanaleta watoto."

Jumatatu alitangulia kufika. Mwalimu alikuwa anafungua kufuli. Fundi Bati alimweleza yote, haraka haraka, bila kujipendelea. Mwalimu alishika kinywa. Kisha akaenda kabatini, akaanza kuvitoa vikombe mwenyewe. Uji ulikuwa tayari umeanza kuchemka jikoni.

Wazazi wakafika na watoto wao. Fundi Bati alisimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Jamani, naomba mnisikilize," akasema. "Vikombe hivi nimevitengeneza mimi. Ni vibaya. Nimeviunganisha kwa lehemu yenye risasi, na risasi ni sumu kwa watoto. Nilijua lehemu ina risasi, lakini sikufikiri. Wangu wamevitumia, na leo nawapeleka kupimwa. Aliyetengenezewa kama hivi na fundi yeyote, asivitumie kwa chakula wala kinywaji. Fundi hana ubaya. Mfano ni wangu."

Watu waliguna. Baba mmoja alisema kwa ukali kwamba angeumiza watoto wa watu. Fundi Bati akajibu, "Kweli." Hasira ya yule baba ikakosa pa kushika.

Kisha bibi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akauliza kutoka nyuma, "Na faneli yangu ya mafuta ya taa je?"

"Hiyo haili uji, bibi. Endelea nayo."

Kicheko kikapita. Mama mmoja akatoa kikombe mfukoni mwake, kipya, kilichotoka kwa fundi wa mtaa wa pili. Akamkabidhi Fundi Bati mkononi. "Nilikuwa nimpe mwanangu leo," akasema. "Ahsante." Fundi Bati hakuamini masikio yake. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, si kwa ahsante.

Kliniki, Bonge alilia kwa sindano na Chiriku aliiuliza sindano maswali. Kisha wakasubiri majibu kwa siku kadhaa. Siku hizo Fundi Bati hakula vizuri. Alimwangalia Bonge akicheza, akamwangalia Chiriku akiongea, na hakufurahi, kwa sababu alikumbuka maneno ya shemeji, kwamba mtoto anaweza kuwa na risasi na bado akacheka.

Shemeji aliwaletea majibu mwenyewe. Hakutaniana na mtu. Aliingia, akasema kabla ya kukaa.

"Imeonekana, lakini ni kidogo sana. Hawahitaji dawa. Kinachohitajika ni chanzo kiondoke, na kimeshaondoka. Wapeni maharage, mboga za majani, maziwa, mayai mkipata. Mtoto aliyeshiba vizuri, mwili wake unaipokea risasi kwa shida. Tutawapima tena baada ya miezi michache."

Mama Chiriku alimshukuru Mungu kwa sauti. Fundi Bati alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba peke yake, akalia. Kisha akanawa uso, akarudi ndani.

"Sasa shemeji," akasema, "yale uliyokuwa hujamaliza. Yamalize."

Muuguzi akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Yapo yangu, na yapo ya kwako. Nguo zako za kazi usiingie nazo ndani. Zivue karakanani, zifuliwe peke yake. Na Bonge asitambae kule nyuma. Mengine nitakuambia dukani. Twendeni na Mwalimu."

Walikwenda wote wanne, mama Chiriku naye akiwemo, kwenye duka la vyombo. Muuza duka aliwatolea sahani zenye maua, nyepesi, zenye kung'aa kama kauri. Mwalimu akazipenda. Muuguzi akaigonga moja kwa kucha. Ikatoa sauti butu.

"Hii ni melamini. Ni jamii ya plastiki iliyovaa nguo za kauri. Usiitilie kitu cha moto, wala usiipashie chakula."

Akawaonyesha mabakuli ya kauri yaliyochorwa rangi kali kwa ndani. "Rangi nyingine za ndani huwa na risasi pia. Chagua nyeupe, au isiyo na mchoro mahali chakula kinapokaa. Ikipata ufa, iache." Akawaonyesha sahani za bati zilizopakwa rangi ngumu. Moja ilikuwa imebanduka. "Ikibanduka hivi, si ya mtoto tena."

Kisha wakafika kwenye rafu ya chuma kisichoshika kutu, kile wauzaji wanachokiita stenlesi. Hapo Fundi Bati akasogea mbele. Alichukua kikombe, akatia kidole ndani, akakizungusha polepole kama anavyokagua kazi ya karakanani. Akakirudisha. Akachukua kingine.

"Hiki kitako kimebandikwa," akamwambia muuza duka. "Kuna mshono hapa. Kimeunganishwa na nini?"

Muuza duka hakujua.

"Basi kikae. Na hiki kimepakwa rangi mpaka mdomoni. Mwanangu ataitafuna rangi yote kwa siku moja." Akaendelea kupekua. Mwishowe akainua kikombe kimoja juu. "Hiki. Kimekandamizwa kutoka kwenye kipande kimoja. Hakina mshono, hakina lehemu, hakina rangi. Ukingo umekunjwa vizuri. Kina mhuri wa kiwanda, kwa hiyo kinajulikana kimetoka wapi. Mwalimu, vya watoto viwe hivi."

Muuguzi alimwangalia shemeji yake. "Umenizidi sasa," akasema. "Mimi mshono ule nisingeuona."

"Vidole hivi vimepiga mshono maisha yao yote," Fundi Bati akajibu. "Sasa vitautafuta." Na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili, alinyoosha mgongo wake.

Tangu hapo amekuwa mtu wa kuitwa. Mzazi akitaka kununua vyombo vya mtoto, humpitia Fundi Bati kwanza, na yeye huacha nyundo, hunawa, huenda naye dukani. Faneli zake zinauzwa kama kawaida. Karakanani ameandika kwa rangi nyekundu kwamba kazi zake si za chakula, na mteja asiyejua kusoma, yeye mwenyewe humwambia kwa mdomo.

Watoto walipopimwa tena, risasi ilikuwa imeshuka hata mtu wa maabara akasema wasirudi mpaka waitwe. Chekechea wanakunywa uji kwenye vikombe visivyo na mshono. Kelele zake, jamani, watoto wakivigonga mezani, husikika mpaka barabarani. Mwalimu hulalamika juu ya kelele, lakini hajawahi kulalamika juu ya vikombe.

Nyumbani, mama Chiriku alimimina uji kwenye mabakuli mapya. Alishajifunza kwamba chuma hushika moto upesi, kwa hiyo aliuacha upoe kwanza, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono wake kabla ya kuwapa watoto. Bonge alianza kula bila kuangalia mtu. Chiriku aliligeuza bakuli lake huku na huku.

"Baba, hili umelitengeneza wewe?"

Mama Chiriku aliacha kupakua. Akamwangalia mumewe.

"Hapana, mwanangu," Fundi Bati akasema, na alilisema kwa kichwa kilichoinuka. "Hili nimekuchagulia."

Chiriku akafikiri kidogo. Aliona jibu linatosha, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Akashika kijiko, akala uji wake mpaka ukaisha.